Naomba ushauri: majibu ya amonia katika damu yanapanda bila sababu ya wazi

Mleta uzi
Ndugu zangu wa maabara, habari za kazi. Kipimo cha amonia kinaninyima usingizi. Juzi sampuli ya mtoto mchanga wa siku 4 ilitoa mikromoli 190 kwa lita, madaktari wakaanza kujiandaa kwa hitilafu ya mzunguko wa urea (ugonjwa wa kurithi ambapo mwili hushindwa kugeuza amonia kuwa urea), lakini sampuli ya pili, iliyochukuliwa saa mbili baadaye kabla ya dawa yoyote, ikasoma 62, kiwango ambacho kwa mtoto wa umri huo hakitishi. Tunatumia njia ya kimeng'enya cha glutameti dehidrojenesi na kupima jinsi ufyonzaji wa mwanga unavyoshuka kwenye nanomita 340. Nimebadilisha vitendanishi, nimerudia kalibresheni, na sampuli za udhibiti, zile ambazo kiwango chake tunakijua tayari, zimo ndani ya mipaka kila siku. Nitafute kosa wapi?

Mpimaji Mkongwe
Ndugu, ikiwa udhibiti uko sawa, iache mashine kwanza, ufuatilie safari ya damu tangu ilipotoka mshipani. Damu iliyo ndani ya tyubu huendelea kuzalisha amonia, kwa kuwa glutamini na asidi amino nyingine huvunjwa humo humo, tena kwa kasi zaidi kukiwa na joto. Isitoshe, seli nyekundu zina amonia nyingi kuliko plazma, yaani majimaji ya damu, hivyo zikipasuka jibu linapanda. Tyubu ya EDTA (kizuia damu kuganda) ijazwe vizuri, ifungwe, itumbukizwe mara moja katika maji yenye barafu, na plazma itenganishwe kwa sentrifuji (mashine ya kuzungusha tyubu kwa kasi) yenye ubaridi ndani ya dakika 15 ikiwezekana. Je, sampuli ile ya kwanza ilikaa muda gani?

Kitendanishi
Naongezea. Mpira unaofungwa mkononi kwa muda mrefu, au mgonjwa kukunja ngumi, huifanya misuli imwage amonia kwenye damu. Moshi wa sigara nao huchafua sampuli, hata ule ulioganda kwenye nguo za anayetoa damu. Kagueni pia kama sabuni za usafi chumbani mwenu zina amonia, na msipokee kamwe tyubu yenye heparini ya amoniamu, maana kizuia kuganda hicho chenyewe kina amonia.

Mleta uzi
Nashukuru sana. Nimefuatilia: sampuli ya kwanza ilikaa mezani wodini dakika 50 bila barafu, kisha ikasubiri kwetu hadi sentrifuji ijae. Hilo la kusubiri ni kosa letu na nimelisimamisha leo. Sasa naona tukatae kila sampuli isiyokuja kwenye barafu.

Daktari wa Watoto
Hapo naomba tusiende haraka. Mtoto mchanga anayelegea na kukataa kunyonya anaweza kuharibika ubongo amonia ikiendelea kupanda, na tukikataa sampuli bila kupima, saa moja nzima inaweza kupotea. Makosa ya utunzaji karibu yote huvuta jibu juu. Kwa hiyo sampuli mbovu ikisoma kawaida, jibu hilo bado linanisaidia kuondoa hofu. Ipimeni, na ikisoma juu nipigieni simu mnieleze ilivyofika, tuchukue nyingine papo hapo huku nikiendelea kumhudumia mtoto kana kwamba jibu ni la kweli.

Mpimaji Mkongwe
Nakubaliana na daktari kuhusu watoto wachanga. Kwa mtu mzima mwenye ugonjwa wa ini ambaye hali yake imetulia, mimi ningekataa, maana kwake namba hiyo hailingani sana na ukali wa kuchanganyikiwa kunakoletwa na ini, na jibu la uongo litampotosha kila atakayelisoma.

Mleta uzi
Basi nitaandika taratibu mbili, na wodi ya watoto wachanga nitaipelekea maelezo mimi mwenyewe kesho asubuhi. Fomu ya maombi nitaiongezea nafasi ya kuandika saa na dakika damu ilipotolewa, kwa sababu hadi sasa tunaandika saa ya kupokea peke yake.