Naja Kisumu na mama kutoka Mwanza: tule nini, tuone wanyama gani?

BintiNyanza
Habari zenu ndugu zangu wa Kisumu. Mwisho wa mwezi naja huko na mama yangu mzazi. Tunapita Sirari Ijumaa, Jumatatu asubuhi tunarudi. Mama amekulia kando ya ziwa hili hili, kaanika dagaa tangu utotoni, kwa hiyo sato na dagaa havimpi hamu ya safari. Anataka chakula cha wenyeji na wanyama wa asili ya huko. Magoti yanamsumbua. Tumesikia mbuga ya Ruma na msitu wa Kakamega. Siku mbili zinatosha vyote?

JiraniWaDunga
Karibuni sana dada, salamu kwa mama. Vyote haviwezekani. Ruma naipenda mno, ndiyo mbuga pekee ya Kenya yenye korongo (yule swala mkubwa, si ndege), lakini iko bonde la Lambwe huko Homa Bay na inataka siku nzima ndani ya gari. Tena kuna mbung'o.

Jumamosi alfajiri mpeleke Dunga, ufukwe wenye mafunjo kando ya mji. Kodini boti mpite polepole kando ya mafunjo, mkiwa na kijana mwenyeji anayejua ndege. Mwambie awatafutie yule mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano. Anaishi kwenye mafunjo tu, na mafunjo yanakatwa na kuchomwa kila mwaka, hivyo namthamini kuliko simba yeyote. Viboko mtawaona, ila nahodha asiwasogelee hata mkimwomba. Na mama asipande bila jaketi okozi.

MpishiKibuye
Dada, mtafutie mama *aliya*: nyama ya ng'ombe iliyoanikwa juani hadi ikakauka, ikachemshwa taratibu, ikaungwa samli. Ale na ugali wa mtama na muhogo. Pembeni akeyo, yaani mgagani wenu, lakini hapa tunaupika kwa maziwa, tunaulaza, kesho tunaongeza maziwa na kuupasha tena mpaka uchungu utulie. Mboga ya siku moja haijaiva hiyo, hata kama hoteli itakwambia iko tayari. Piga simu siku moja kabla, uulize imelazwa?

Akitaka samaki, basi awe wa asili kweli. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 akawamaliza furu wengi, wale samaki wadogo wa asili. Hata sato tunaouziwa wengi ni wa kuletwa. Ulizia ningu au kamongo, ingawa kamongo wengine hawamgusi kabisa.

MwanaWaShinyalu
Jumapili njooni Kakamega, ni kama kilomita 50 tu. Kilima cha Lirhanda kiacheni. Mbega mnawaona mkiwa barabarani, na mkiwahi asubuhi mtasikia ndege kulukulu mkubwa wa buluu kabla hamjamwona. Msitu huu ni kipande cha mwisho Kenya cha misitu ya aina ya Kongo, kwa hiyo wengi wa viumbe wake hamtawapata Nairobi wala Mombasa.

Kabla ya kuingia msituni agizeni *ingokho*. Kuku wa kienyeji hapikwi kwa haraka. Mkitoka atakuwa tayari, na ugali wa wimbi na mrenda. Kumbikumbi ni bahati ya mvua, msiwategemee.

BintiNyanza
Asanteni sana, Ruma tunaiacha. Mama kafurahia habari ya ningu, anasema hajamwona sokoni kwetu siku nyingi. Je, ile hifadhi ya swala pale mjini tuende?

JiraniWaDunga
Jumamosi jioni, ndiyo. Ilitengwa mwaka 1992 kwa ajili ya swala pala waliobaki mjini, na hao wanatembea huru, mama atakaa kivulini awaangalie. Simba na chui wako vizimbani. Mimi huwa nawapita bila kusimama. Chakula kifungeni ndani ya mkoba, tumbili wa pale wananyang'anya. Langoni hawapokei pesa taslimu, mnalipa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, na mje na pasipoti zenu ili mtozwe kama watu wa Afrika Mashariki.

MpishiKibuye
Kama mama ana shinikizo la damu, mwambie mpishi apunguze chumvi kwenye aliya tangu siku ya kuagiza. Siku yenyewe ni kuchelewa.