Mtoto wa gredi ya nane: ataje tamathali au aelewe shairi kwanza?

MzaziNakuru: Binti yangu ameulizwa kwenye jaribio "moyo wake jiwe" ni tamathali gani, alama 2. Akaandika sitiari, akakosa zote, eti jibu ni istiara. Nikamuuliza nyumbani, mwenye moyo wa jiwe ni mtu wa namna gani? Kimya. Shuleni hawakuulizwa hilo. Kwa nini tunawakaririsha majina kabla hawajaionja lugha yenyewe?

MwlMstaafuTanga: Sitiari, yaani kukiita kitu kwa jina la kingine bila kusema "kama", ndilo jibu. Nimelisahihisha miaka na miaka. Mtoto kaonewa.

KalamuYaBara: Shikamoo mwalimu, lakini huku ni Kenya. Sisi husema istiara. Msituletee msamiati wa kwenu watoto wetu wafeli.

MwlMstaafuTanga: Marahaba. "Wa kwenu"? Mwanangu, sitiari na istiara ni neno moja la Kiarabu, limeingia kwa milango miwili. Tashbihi yenu, ile ya kufananisha kwa "kama", ndiyo tashibiha yetu. Kiswahili hakina mpaka pale Horohoro.

KalamuYaBara: Mtihani una mpaka, mwalimu. Na jazanda, ile picha inayochorwa kwa maneno, je? Kuna wanaoifanya kitu kimoja na istiara.

MwalimuWaSabaHadiTisa: Mzazi, mimi nakupinga. Bila majina mtoto ataelezaje alichoonja? Atasema "imependeza" halafu akwame. Ubaya ni kwamba wanawinda neno "kama". Wakiliona tu, tashbihi! Juzi niliwaandikia ubaoni "Kama angekuja mapema, tungemwona." Nusu ya darasa: tashbihi. Nani kafananishwa na nani hapo?

MzaziNakuru: Mwalimu, si ndilo ninalosema!

MwalimuWaSabaHadiTisa: Silo. Wewe unataka majina yaondoke. Mimi nataka yafundishwe vizuri. Nina vipindi vya kuhesabu na darasa limejaa, usinifanye mimi ndiye adui wa mtoto wako.

MzaziNakuru: Sikusema yaondoke. Nimesema "kabla". Soma tena.

MjukuuWaMvita: Bibi yangu hakusoma shule. Jioni alitutega: "Kuku wangu katagia mwibani." Sijaanza hata darasa la kwanza nikajibu nanasi. Kuku, yai, miiba, yote nimeyaona mle ndani ya nanasi, na jina la tamathali sikulijua. Na leso zake zikisema: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Nani alihitaji kuelezwa kuwa nyota pale ni bahati? Anzeni na leso.

MwlMstaafuTanga: Leso ni ya kufutia kamasi. Hiyo ni kanga.

MjukuuWaMvita: Mombasa ni leso, tangu na tangu. Bibi yangu usimtie kwenye kamasi.

MwlMstaafuTanga: Simtii, namheshimu sana. Lakini leso lenyewe ni neno la Wareno, na kwao ni kitambaa cha mkononi.

MjukuuWaMvita: Na wanawake wetu wakavishona vitambaa hivyo pamoja wakapata vazi. Ndiyo maana ni leso!

KalamuYaBara: Hapo Mvita kashinda.

MwalimuWaSabaHadiTisa: Nyota ni bahati, sawa. Lakini mtoto wa Nakuru asiyewahi kukaa na bibi mwenye leso, yeye naye unamwanzia wapi?

MzaziNakuru: Leo nimemwona mwalimu wa binti yangu. Ni mtu mpole. Amesema mwongozo wa kusahihisha umeandikwa istiara, na mikono yake imefungwa.

MwlMstaafuTanga: "Mikono imefungwa." Muulize na hiyo ni tamathali gani.

KalamuYaBara: Hiyo ni nahau, mwalimu.

MwlMstaafuTanga: Nahau haiwezi kuwa sitiari?

KalamuYaBara: Istiara.