Tupeane uzoefu: Je, unachokifanya kila siku kinakupeleka unakotaka kufika?

Mhasibu wa Njiro: Wakuu, habari za jioni. Lengo langu linajulikana hata kwa majirani: kufaulu mitihani ya bodi ya wahasibu ya Novemba na kuacha kutunza vitabu vya watu wengine kwa ujira mdogo. Jana usiku niliandika kwenye karatasi jioni zangu zimekwenda wapi tangu Jumatatu, nikaona kwamba nimehudhuria vikao vya kamati ya harusi na kikao cha kipaimara, na muda uliobaki nimeumalizia kwenye kundi la simu nikiwakumbusha watu ahadi zao za michango. Kitabu cha kodi bado kimekunjwa ukurasa ule ule. Ninyi wenzangu mnajuaje kama shughuli za siku zinawatumikia au mnazitumikia?

Fundi Sakina: Umeniandika mimi, isipokuwa mimi ni mwenyekiti.

Dada wa Kiborloni: Naomba nipingane nawe kwa heshima, kaka. Mimi ni fundi cherehani, na wateja wangu wengi wa sare za harusi niliwapata katika vikao hivyo hivyo. Hapa Moshi, asiyeonekana kwenye shughuli za watu atakaa peke yake na masufuria yake siku ya kwake ikifika.

Mzee wa Uru: Sawa, lakini yeye hashoni.

Mwongoza Wageni: Mimi ningemshauri asihukumu siku moja moja. Katika njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro kuna siku ambayo wageni hutukasirikia: tunatoka kambi ya Shira, tunapanda hadi Lava Tower, takriban mita 4,600, halafu mchana huo huo tunateremka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Mgeni huona ametembea kutwa nzima na jioni yuko karibu na kimo kile kile alichoamkia, ilhali mwili umezoea hewa nyepesi, na bila siku hiyo wengi wasingefika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Pengine kamati zako ndizo Barranco yako.

Fundi Sakina: Au pengine amepotea njia. Isitoshe, anakaa Arusha, mji uliotoa Azimio mwaka 1967. Maazimio hapa hayajawahi kuadimika.

Mwanaapolo Mstaafu: Mada hii imenigusa mahali nilipodhani pameshapona. Nilikwenda Mirerani, kwenye migodi ya tanzanite, nikiwa na lengo moja, nalo lilikuwa kumjengea mama nyumba ya matofali kwenye kihamba, yaani shamba letu la ukoo, kule Machame. Wasioujua utaratibu wetu waelewe kwamba mwanaapolo, yaani mchimbaji wa mgodini, halipwi mshahara: mwenye mgodi alitoa chakula, baruti na mafuta ya kompresa, sisi tukatoa nguvu, na mgawo ulisubiri siku jiwe litakapotoka. Tulishuka kwa ngazi na kamba, tukapanda tukiwa weusi kwa vumbi la kinywe ambalo haliondoki kwa kunawa mara moja, na kila nilipoulizwa ninafanya nini kule nilijibu bila kusita kwamba ninajenga. Mwaka 2020, nikiwa nimeshafunga begi nirudi nyumbani, zikaja habari za Saniniu Laizer kuiuzia Serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Nani angeondoka wiki hiyo? Begi likafunguliwa.

Baadaye mwaka huo nilipanda kutoka zamu ya usiku, nikawasha simu, nikakuta ujumbe wa kaka yangu: mama amehamia kwa dada yetu Usa River ili awe karibu na matibabu, na kihamba kimeuzwa kwa mtoto wa baba mdogo ili kulipa deni la hospitali. Nilikaa juu ya kifusi nikausoma ujumbe ule hadi chai ikapoa. Nyumba niliyokuwa nikiijenga kwa maneno miaka yote ile haikuwa tena na mahali pa kusimama. Hata hivyo, hilo silo lililonitisha. Kilichonitisha ni kwamba zamu ilipoitwa jioni nilivaa tochi kichwani nikashuka, nikaendelea kushuka wiki baada ya wiki, na hakuna mwenzangu aliyeona tofauti yoyote, kwa kuwa kazi ya mwenye lengo na ya asiye nalo ilikuwa ile ile.

Mama Kibosho: Mungu wangu. Pole sana.

Mzee wa Uru: Pole, mwanangu. Lakini kihamba hakiuzwi. Nyumba ya wazazi ni ya mtoto wa mwisho, na kaka yako alipaswa kuita ukoo kwanza.

Dada wa Kiborloni: Shikamoo mzee. Kimenunuliwa na mtoto wa baba mdogo, kwa hiyo hakijatoka kwenye ukoo, na deni la hospitali halilipwi kwa mila.

Mzee wa Uru: Marahaba. Kubaki kwenye ukoo ni jambo moja, kuuziana ndugu kwa ndugu ni jambo jingine.

Fundi Sakina: Naomba vihamba vifunguliwe uzi wao.

Mama Kibosho: Tukirudi kwenye mada, jirani yangu aling'oa mibuni yote kwa sababu mche huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuzaa, akapanda nyanya. Kila wiki anauza, kila wiki ana fedha, na kila muhula anakopa ada. Kwangu kahawa imebaki na maharage yako katikati yake. Kijana wa Njiro, soma alfajiri kabla simu haijaamka.

Mwongoza Wageni: Alfajiri atasinzia. Asome usiku.

Mhasibu wa Njiro: Kaka wa Mirerani, ulitokaje?

Mwanaapolo Mstaafu: Si kwa hekima. Mwenye mgodi aliishiwa fedha za mafuta, kompresa ikazimwa, na chini hakukuwa tena na hewa ya kutosha, tukatawanyika. Sasa ninaendesha bajaji Usa River na jioni ninakula kwa mama. Habari za nyumba sijamtajia mtu tena.

Dada wa Kiborloni: Kaka wa bajaji, Jumamosi nina mzigo wa sare unaoshushwa stendi ya Usa River kwenda kwa bibi harusi. Nitumie ujumbe wa faragha tukubaliane nauli.