Tupeane uzoefu: ni siku gani, ni mkono wa nani ulikufungua masikio kwa jazz?

Mwana wa Himbi (Goma)

Bayaya na baleki, leo sitaki orodha ya albamu, hiyo tulishafanya mara mingi, kila mtu anaweka zake tano anajiendea. Leo nataka stori. Ni wapi ulisikia mtu anapiga mbele yako na kitu kikageuka mu masikio? Ata kama ilikuwa mu parwasi, ata kama ni ku arusi. Na useme alikuwa anapiga namna gani, vidole vilikuwa vinafanya nini, ju njo hapo utamu iko.

Naanza mimi. Ni hapa Goma, mu bar moja karibu na ziwa, inapata miaka nane sasa. Walikuwa wane, gita, besi ya umeme, batri (zile ngoma za kupiga na fimbo), na mzee mmoja wa saksofoni teno. Nilienda tu ju rafiki yangu njo alikuwa ku besi, jazz yenyewe nilikuwa naiona ni muziki ya ku oteli, ya kulia samaki. Wako katikati ya wimbo umeme ikakatika. Jenereta ikakataa kuwaka. Gita kimya, besi kimya, watu wakaanza kuwasha simu na kuita serveri walipe waende. Ule wa batri hakuacha. Aliweka fimbo chini akachukua bale, vile vifagio vya waya, akaanza kuzungusha ku ngozi pole pole sawa mama anapepeta mchele, na mzee wa saksofoni akaacha mikro yake akaanza kutembea katikati ya meza akipiga, giza totoro, mpaka akafika kwetu.

Sasa munisikilize. Nilisikia pumzi yake KABLA ya sauti. Hewa inaingia mu chombo, vifuniko vinapiga tak tak chini ya vidole, kisha njo nota inafika, na nota ikiisha inabaki hewa tupu, inakufa pole pole. Mu bafle, vile vipaza sauti, ile yote inapoteaka. Nilikaa pale sijui dakika ngapi, samaki ikapoa.

Kesho yake nikamuuliza rafiki ni nani anapigaka hivyo, akanitumia nyimbo za Ben Webster, wa saksofoni. Ukimusikiliza mu balade, zile nyimbo za pole, nusu ya sauti ni pumzi. Kumbe ule mzee hakuwa amechoka vile nilifikiri mwanzo, ile ni shule na yeye alikuwa ameisoma vizuri.

Haya, zamu yenu.

Gita ya Kamalondo (Lubumbashi)

Yambo bote. Miye niko L'shi. Yangu iko na vipande mbili, munivumilie.

Ya kwanza haina ya konseri. Kambo yangu, baba ya mzazi wangu, alitumikaka ku Union Minière, ile kampuni ya migodi, na kila mara tukifungua radio ikitoka trompeti anatuambia "miye nilikuwa hapa siku Armstrong alikuja". Tuliona ni masimulizi ya buzee. Kumbe ni kweli kabisa, Louis Armstrong alifika hapa, wakati ile muji ingali Elisabethville, mu Novemba 1960. Katanga ilikuwa imejitenga toka Julai, na Lumumba alikuwa amefungiwa mu nyumba kule Léopoldville, njo Kinshasa ya leo. Miye nilikuja kuelewa vizuri wakati nilitazama ile filme ya Johan Grimonprez ya 2024 yenye kuweka politiki na jazz pamoja. Njo mule nilionaka Abbey Lincoln, ule mwimbaji wa jazz, na Max Roach, Februari 1961, habari ya kuuawa kwa Lumumba imetoka, wanaingia mu Baraza la Usalama kule New York na benzao wanapiga makelele mpaka kikao kinavurugika. Max Roach, ule wa batri! Miaka yote namusikiliza, sikujua kama alisimama mu ile chumba juu ya mutu wa kwetu, mutu mwenye aliuawa hapa karibu na muji yetu. Toka siku ile batri yake siisikie tena sawa zamani. Kambo alikuwa ameshakufa, na ile njo inaniumiza, sikumuuliza hata swali moja.

Kipande ya pili sasa. Mwaka mumoja ku 30 Aprili, ile siku ya jazz ya dunia, kijana wa Katuba alipanda na gita, hana mediatori, kile kipande cha kukwaruzia kamba, anatumia kidole gumba na kile cha kuelekeza, basi. Gumba inatembea ku besi sawa mutu wa ulinzi usiku, haikimbie, haisimame, na kile kingine kinaimba juu yake. Nilikuwa najua Wes Montgomery, ule wa gita wa Indianapolis kule Amerika, alipigaka na gumba, wanasema alianza vile ili majirani wasisumbuke usiku, na ndiyo maana sauti yake iko nene na laini, haina ile kukwaruza ya mediatori. Basi konseri ikiisha namufata kijana, namuambia "leki, weye ni mwanafunzi wa Wes". Ananitazama. "Wes njo nani? Miye ni papa alinifundisha, na yeye alisomea ku nyimbo za Mwenda."

Nilinyamaza. Mwenda Jean Bosco bwana! Ule mwenye Hugh Tracey, mukusanyaji wa nyimbo, alimurekodi 1952 kule Jadotville, njo Likasi ya leo, gita moja unafikiri ni batu babili wanapiga. Miye nilikuwa natafuta gumba ya Indianapolis na gumba ilikuwa hapa hapa kwetu. Mukono haiko sawa kabisa, nakubali, Wes anatumia gumba peke yake na zile oktava zake anashika kamba mbili kwa mara moja, Mwenda anagawanya kazi kwa vidole mbili. Lakini utamu wa nyama ya kidole ku kamba ni ule ule.

Mama Soprano (Bukavu)

Jambo wapendwa. Kamalondo umeniliza na stori ya kambo.

Mimi niko Nguba, naimba mu korale toka utoto. Piano ya ukumbi wetu ilikuwa mgonjwa, tushi (zile za kubonyeza) za juu zilikuwa na sauti ya sahani ya bati, mbili zilikuwa zimekwama kabisa, na pedali moja haikushuka. Siku moja mwalimu aliyekuja kutufundisha alibaki nyuma baada ya mazoezi, mvua ilikuwa kali ile ya Bukavu ya kushusha matope, hakuna mtu wa kutoka, akakaa pale akaanza kupiga. Nilikuwa napanga vitabu. Mkono wa kushoto ulikuwa unarudia kitu kimoja, kimoja, kimoja, na wa kuume ukawa unazunguka katikati tu, haupandi kule ambako piano iko mbaya. Karibu nusu saa. Alikuwa anaizunguka ile piano sawa vile tunazunguka mashimo ya barabara, na ukisikiliza hukuweza kujua kama kuna tushi hata moja haifanyi kazi.

Nikamuambia "mwalimu, hiyo ni wimbo gani?" Akasema hiyo haiko wimbo, natafuta. Kisha akanielezea Keith Jarrett, ule wa piano wa Amerika, kule Köln, Ujerumani, tarehe 24 Januari 1975, alikuta piano ndogo mbovu, kule juu sauti nyembamba, pedali hazifanyi kazi vizuri, akataka kukataa kupiga, mwishowe akapiga na usiku ule ukatoka albamu ambayo watu mamilioni wamenunua. Nilipokuja kuisikiliza nilitambua ule mkono wa kushoto mara moja, nilishaukutana nao mu mvua.

Kitu ingine, na hiyo nasema kwa kujivunia: Lokua Kanza, ule mwimbaji, alizaliwa hapa Bukavu, 1958. Watu wanamuweka mu rumba ju ni Mkongomani. Sikilizeni akorodi zake, zile nota zinapigwa pamoja, na vile anapanga sauti juu ya sauti, mtaniambia.

Ndosho Batri (Goma)

Yangu ni fupi. Mdogo wangu alikuwa anapuliza chupa ya bia tupu nyumbani, fuu, anaimba nota moja kwa mdomo, fuu, anaimba. Nikamuambia acha kelele. Jioni nikafungua albamu Head Hunters ya Herbie Hancock, ya 1973, ule wimbo wenye unaanza na filimbi za ajabu, na ni kitu kile kile! Kutafuta, nakuta ni Bill Summers anapuliza chupa ya bia, aliiga filimbi ya Babenzele wa Afrika ya Kati, nota moja ya filimbi, nota moja ya mdomo. Nilienda kumuomba mtoto msamaha na nikamununulia soda, ile chupa nayo akaipuliza.

Katuba Swing (Lubumbashi)

Stori nzuri zote lakini niko na swali yenye inanikera toka zamani. Batu wanasema African Jazz ya Kabasele, OK Jazz ya Franco, zile orkestra za rumba, ile "jazz" ni jina tu, hakuna jazz ndani. Munaona je?

Gita ya Kamalondo (Lubumbashi)

Miye naona ni jina NA haina jina tu. African Jazz ni 1953, OK Jazz ni 1956, wakati ile neno jazz ilikuwa inasema orkestra ya kisasa, yenye saksofoni na gita ya umeme. Ukitafuta swing, ile mapigo ya kubembea ya jazz, hutaiona, mapigo yetu ilitoka ku Kyuba na ku kwetu. Lakini usisahau Manu Dibango, ule wa saksofoni wa Kameruni, alichukuliwa na Kabasele na kufika Léopoldville mu 1961, na yeye jazz alikuwa nayo mu damu, alikuwa ameisikia na kuipiga kule Ulaya. Mutu kama ule akikaa mu orkestra hawezi kuacha masikio yake nje ku mulango.

Mwana wa Himbi (Goma)

Na sebene jamani, ile sehemu ya wimbo ya gita na kucheza. Mi-solo, gita ya katikati, anashika kile kipande kidogo, anakizungusha, solo anapanda juu yake, batri inamjibu. Kupeana nafasi na kujibizana pale pale bila karatasi, ile kwangu ni ndugu ya jazz, ata kama hawalale mu nyumba moja. Tofauti naona ni akorodi. Mu sebene akorodi zinakaa pale tatu na wewe unatafuta mu mapigo, mu jazz akorodi zenyewe zinahama chini ya miguu yako na lazima uhame nazo.

Ndosho Batri (Goma)

Hapo nakubali, na kwetu wa batri tofauti iko mu mkono wa kuume. Nilitoka ku sebene, mguu wangu ulikuwa unataka kufanya kila kitu. Siku ya kwanza kupiga na watu wa jazz yaya wa besi alisimamisha wimbo mara tatu, kisha akaondoa mguu wangu ku pedali kwa mkono wake, akasema "saa ni ile simbali, mguu ni mgeni, unapiga hodi tu". Ilinichukua mwezi mzima. Sasa nikisikiliza Jimmy Cobb mu Kind of Blue, ile albamu ya Miles Davis ya 1959, mtu anaweza kusema hafanye kitu, na mimi najua ni kazi gani ile ya kuweka simbali pale pale bila kukimbia.

Mama Soprano (Bukavu)

Kwa wenye kutaka vitu vipya: Nduduzo Makhathini wa Afrika ya Kusini, albamu yake uNomkhubulwane, ya Juni 2024. Piano, besi na batri tu, na yeye anaimba. Ni mganga wa jadi pia, na anapiga sawa mtu anaomba, mkono wa kushoto unakaa chini sana kama ngoma. Mimi mtu wa korale niliisikiliza nikiwa nimesimama.

Na Abdullah Ibrahim, wa piano wa kule kule, albamu yenye jina 3, ya mwanzo wa 2024. Hiyo inaingia kabisa mu swali ya Himbi ya kusikia mtu anapiga mbele yako. Ilirekodiwa mu 2023 London, fasi moja, siku moja: sehemu moja walipiga bila watu, sehemu ingine mbele ya watu. Hakuna batri, ni piano, besi ama cello, na filimbi. Yeye alizaliwa 1934, hesabuni. Weka zote mbili, utasikia vile ukimya wa ukumbi mtupu na ukimya wa watu wenye wanangoja havifanane.

Katuba Swing (Lubumbashi)

Mama asante, napakua usiku mega zikiwa rahisi. Himbi, ule mzee wa saksofoni yuko wapi leo?

Mwana wa Himbi (Goma)

Yuko, yuko. Tangu uwanja wa ndege wa hapa Goma ufungwe Januari 2025 shida yake kubwa ni anshi, ile kipande ya tete ya mdomoni, zamani mtu alikuwa anamubebea, leo anangoja mpaka apatikane mwenye kupita Kigali. Mara ya mwisho nilimukuta anakwangua moja ya zamani na wembe, anaiweka ku mdomo, anajaribu, anaitoa, anakwangua tena kidogo sana. Akaniambia anshi ikizeeka inapenda nyimbo za pole, basi anachagua nyimbo kufuatana na anshi yenye iko nayo siku hiyo.

Usiku hatupigi tena. Tunapiga jumapili saa nane mchana kwa mtu mmoja mu uwanja wake, watu kumi na tano, ishirini, bila mikro. Ndosho anakuja na bale. Mama Soprano ukipanda boti ijumaa usiku, jumamosi asubuhi uko hapa, piano hatuna lakini kuna kinanda moja yenye tushi zake zote ni nzima.

Mama Soprano (Bukavu)

Ijumaa ya wiki ijayo basi. Nani anakuja kunipokea ku bandari?

Ndosho Batri (Goma)

Mimi, na mdogo wangu. Atabeba chupa.