Naomba ushauri: Land Rover Series III ya 1974, ninunue au niache?

Wakuu, habari zenu. Kuna Land Rover Series III ya 1974 nimeipenda, imekaa chini ya mti miaka mingi bila kuwashwa. Muuzaji anasema injini ni nzima, "ni betri tu". Hiyo kauli ya betri tu imeshawahi kuniliza, kwa hiyo sina haraka.

Bodi ni ya aluminiamu, inavutia, ila ugonjwa wa gari hizi uko chini: chesisi ni ya chuma na huoza kuanzia ndani. Nimelala chini nikaigongagonga kwa bisibisi. Mbele inalia vizuri. Nyuma, karibu na springi, bisibisi ikazama. Ukuta kati ya injini na miguu ya dereva umepakwa rangi mpya kwenye kona za chini tu. Kwa nini hapo tu?

Injini nimeizungusha kwa hendeli, haijakwama. Namba ya chesisi bado sijailinganisha na kadi.

Je, chesisi ya hivyo ikichomelewa inadumu, au nipige hesabu ya nyingine kabisa? Na kabla ya kuiwasha, mbali na kumwaga oili na petroli ya zamani, nikague nini? Mliowahi kufufua moja, nisaidieni.