Mabati ya Mama, Ndosho

Yaya Furaha (mshika sanduku), 19:02: Bandugu, jioni njema. Mabati ni milioni moja, tuko saba, kila mtu 142.857. Baraka na Neema wamekwisha kutuma. Kwenye simu kuna 285.714.

Yaya Furaha, 19:31: Espoir ametuma. 428.571.

Espoir, 19:31: Aksanti Yaya.

Yaya Furaha, 19:40: Na mimi nimeweka yangu. 571.428.

Bahati, 19:44: Yaya, samahani. 142857, 285714, 428571, 571428. Ni tarakimu zile zile! Unazigeuzageuza tu na kututumia?

Yaya Furaha, 19:45: Wewe hujatuma hata franka moja, na unanikagua?

Neema, 19:45: 😂😂😂

Bahati, 19:46: Nauliza tu. Makuta ya kweli hayafanani hivyo.

Héritier, 19:52: Tonton Bahati, Tantine hajadanganya. Hiyo namba ndiyo tabia yake. Zidisha 142857 kwa 1 mpaka 6, tarakimu zinazunguka tu, hata mpangilio hauvunjiki. Kwa 5 ni 714285, kwa 6 ni 857142.

Bahati, 19:53: Na kwa saba?

Héritier, 19:53: 999999

Bahati, 19:53: Mnaona! Franka moja imepotea!

Yaya Furaha, 19:54: Nionyeshe kwanza noti ya franka moja, nitakurudishia.

Espoir, 19:56: Héritier, sababu ni nini?

Héritier, 20:01: Gawanya 1 kwa 7 kwa mkono, kwenye karatasi: unapata 0,142857142857… bila mwisho. Mabaki yanakuja 3, 2, 6, 4, 5, halafu 1, na hapo unaanza upya. Ukiacha sifuri, ukigawanya kwa 7 huwezi kubaki na kingine zaidi ya hayo sita, na yote yanapita. Sasa gawanya 2 kwa 7, au 5 kwa 7. Ni kama pikipiki kwenye rond-point Chukudu: ingilia upande wowote, duara ni lile lile.

Espoir, 20:03: Kwa hiyo kila namba inafanya hivyo?

Héritier, 20:04: Hapana. 13 haifanyi, mabaki yake yanajigawa mizunguko miwili. 17 inafanya, lakini tarakimu ni 16 na ya kwanza ni sifuri.

Neema, 20:04: Tungekuwa 17 Yaya angeugua kichwa

Héritier, 20:06: Ngoja. 142857 mara yenyewe ni 20408122449. Kata vipande viwili, jumlisha: 20408 + 122449.

Bahati, 20:09: 142857!!! Nimefanya kwa kalkuleta mara mbili. Nani amemfundisha huyu mtoto?

Héritier, 20:10: Zinaitwa namba za Kaprekar. Alikuwa mwalimu wa shule kule India.

Bahati, 20:15: Sawa. Nimetuma 143.000 kavu. Tuone kama itazunguka tena 😎

Yaya Furaha, 20:17: Imeingia. 714.428.

Bahati, 20:17: Nimeiharibu!

Héritier, 20:19: Tonton, umetuma franka 143 za ziada. Sasa piga 143 mara 999.

Bahati, 20:21: …

Neema, 20:21: 😂😂😂 142857

Yaya Furaha, 20:24: Hizo 143 sirudishi. Justin, Aline, nimebaki na nyinyi wawili. Fundi anapanda juu ya nyumba Jumamosi.