Kusoma maisha ya Hasheem Thabeet: je, ni haki kuyaita maisha ya kushindwa?

MwalimuZuhura (Morogoro)

Habari zenu wanajukwaa. Ninafundisha Kiswahili kidato cha pili, na kila Alhamisi jioni hukaa na kikundi cha wanafunzi tukasoma habari za maisha ya watu mashuhuri, kisha tukajadiliana jinsi mwandishi alivyoyapanga maisha ya mtu mwingine. Safari hii wanafunzi wenyewe walimchagua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa Mtanzania wa kwanza kucheza katika NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani. Tulikusanya makala tulizoweza kuzipata, nyingi zikiwa za Kiingereza, nami nikawafasiria.

Nilichokiona ni kwamba karibu zote zimepita njia moja. Zinataja kwamba alizaliwa mwaka 1987, kwamba ana urefu wa mita 2.21, na kwamba alichaguliwa wa pili katika drafti ya mwaka 2009, yaani zamu ya kila mwaka ambayo timu za NBA huchagua wachezaji wapya. Baada ya hapo zinamwacha na kuhamia kwa wengine: James Harden, ambaye alichaguliwa wa tatu, na Stephen Curry, ambaye alichaguliwa wa saba. Kuanzia ukurasa huo msomaji haelezwi tena Thabeet alifanya nini. Anaelezwa yale waliyoyafanya wenzake ambayo yeye hakuyafanya. Binti mmoja, ambaye kwa kawaida ni mkimya sana, alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, mtu aliyecheza mechi zaidi ya mia mbili katika ligi ile, kwa nini wanasema alishindwa?"

Sikuwa na jibu la kumtosheleza, kwa kuwa mchezo wenyewe siujui vizuri. Ninawaomba mnaoujua mnieleze mambo mawili. Kwanza, ni nini hasa kilichotokea uwanjani, hata mchezaji aliyetamba chuoni asitambe alipofika NBA? Pili, mnaonaje, maisha kama haya yasomwe vipi?

KochaUpanga (Dar es Salaam)

Mwalimu, nashukuru kwa swali hili, maana limenikaa moyoni kwa miaka mingi. Ninafundisha vijana mpira wa kikapu hapa jijini, na sijawahi kuwa na kundi la vijana ambalo halikumtaja Thabeet.

Nianze na jambo ambalo makala nyingi hulipita kwa sentensi moja, ilhali kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote: alianza kucheza akiwa na miaka 15 hivi, alipokuwa mwanafunzi wa Makongo. Harden na Curry walikulia Marekani, na Curry ni mtoto wa mchezaji wa NBA, kwa hiyo mpira aliukuta nyumbani. Thabeet alihamia Marekani, akamalizia sekondari mjini Houston, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Alipochaguliwa na Memphis Grizzlies mwezi Juni 2009 alikuwa na miaka 22, na ndani ya miaka hiyo ni saba tu iliyokuwa ya kikapu.

Katika miaka hiyo saba alifika mbali sana. Msimu wake wa mwisho chuoni alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 (mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa kikapu) na mitupo 4.2 aliyoipangua kwa kila mechi. Alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East mwaka 2008 na tena 2009, na timu yake ikafika nusu fainali ya taifa kabla ya kutolewa na Michigan State. Ningependa wanafunzi wako wakae kwanza na habari hizi kabla ya kuanza habari za NBA.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza. Chuoni, mlinzi mrefu anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu muda wote anaotaka na kuwangoja washambuliaji wamfuate. Katika NBA, tangu msimu wa 2001-02, kuna kanuni inayomkataza mlinzi kukaa ndani ya eneo lililochorwa chini ya kikapu kwa zaidi ya sekunde tatu ikiwa hamkabi mtu kwa karibu. Isitoshe, eneo lenyewe vyuoni lina upana wa mita 3.66 tu, wakati la NBA linakaribia mita 4.9. Kwa hiyo kazi aliyoizoea Thabeet, ambayo ni kulinda mlango kama mlinzi wa benki, ilibadilika na kuwa kazi ya kuingia na kutoka, kugeuza nyonga, kurudi nyuma haraka na kumfuata mtu mwepesi ambaye mwenzake amemzibia mlinzi njia. Hiyo ni kazi ya miguu, na miguu ya mchezo huu hufunzwa utotoni.

Kuna jambo jingine. Mchezo wote ulikuwa unahama kutoka chini ya kikapu kwenda nje. Msimu wa 2008-09 kila timu ya NBA ilitupa kwa wastani mitupo 18 hivi ya pointi tatu kwa mechi. Miaka kumi baadaye ilikuwa 32. Senta, yaani mchezaji mrefu wa chini ya kikapu, aliyeingia mwaka 2009 akitegemea urefu aliingia katika nyumba iliyokuwa inabomolewa.

MzeeWaRibaundi (Tanga)

Mwalimu, salaam. Kocha amesema kweli tupu kuhusu kanuni na miguu, lakini naomba tusimwonee huruma Thabeet hadi tukaificha habari yenyewe, kwa sababu hata huruma inaweza kumnyima mtu haki yake.

Dalili zilikuwepo mapema, tena hadharani. Mwezi Februari 2009, Connecticut wakiwa nambari moja nchini, walicheza na Pittsburgh iliyokuwa na DeJuan Blair, kijana mnene na mfupi kuliko Thabeet kwa zaidi ya sentimita kumi na tano. Katika kugombea mpira mmoja Blair alimpindua Thabeet juu ya bega lake hadi sakafuni. Blair alimaliza mechi akiwa na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alikuwa na pointi 5 na ribaundi 4. Mwisho wa msimu wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East, lakini kila aliyeitazama mechi ile aliona kwamba mwili mrefu ulikuwa bado haujapata nguvu za kujishikilia.

Kule Memphis mwaka wa kwanza alicheza dakika 13 hivi kwa mechi, maana nafasi yake ilikuwa na Marc Gasol, ambaye mwaka 2013 alitangazwa kuwa mlinzi bora wa NBA nzima. Februari 2010 akapelekwa kwa muda katika ligi ya maendeleo, ligi ndogo ya NBA ya kuwakuza wachezaji, katika timu ya Dakota Wizards, na hadi wakati huo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyekuwa amewahi kupelekwa huko. Mwaka mmoja baadaye akauzwa Houston, kisha Portland, kisha akasajiliwa na Oklahoma City, ambako msimu wa 2012-13 alicheza mechi 66. Kwa jumla alicheza mechi 224, kwa wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Takwimu hizo ni ndogo kwa mtu aliyechaguliwa wa pili, nami sioni ubaya wa kuwaambia watoto hivyo.

Ninapotofautiana na waandishi hao ni mahali wanapoielekeza lawama. Thabeet hakujichagua. Nafasi ile ya pili ni uamuzi uliofanywa na wakuu wa Memphis, walioziona mechi zote hizo, pamoja na ile ya Pittsburgh. Tena si wao peke yao walioliacha jina la Curry. Minnesota walikuwa na nafasi mbili zinazofuatana, ya tano na ya sita, na zote mbili wakachukua wachezaji wanaocheza nafasi ileile ya Curry: Ricky Rubio na Jonny Flynn. Huyo Flynn alicheza NBA misimu mitatu tu. Ajabu ni kwamba mwezi Machi 2012, Houston walipompata Marcus Camby kutoka Portland, waliowatoa ni Flynn na Thabeet pamoja. Mmoja ametajwa katika kila makala inayohusu drafti ile, na mwingine karibu amesahaulika.

MwanaLubumbashi (Lubumbashi)

Mwalimu Zuhura, pokea salamu kutoka Kongo. Swali lako la pili ndilo lililonivuta, na ningependa kulijibu kwa kumtaja ndugu yetu Dikembe Mutombo, ambaye tulimpoteza tarehe 30 Septemba 2024 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 58.

Mutombo naye aliuanza mchezo kwa kuchelewa. Aliondoka Kinshasa mwaka 1987 kwenda Chuo Kikuu cha Georgetown mjini Washington kwa ufadhili wa masomo, akitaka kuwa daktari, na mwaka wake wa kwanza hakuichezea timu ya chuo. Baadaye kocha John Thompson alimchukua akamfunza, naye Mutombo akacheza bega kwa bega na mwenzake mrefu, Alonzo Mourning. Kwa hiyo alipochaguliwa wa nne na Denver mwaka 1991 alikuwa mtu mzima wa miaka 25, mwenye shahada mkononi. Kocha wa Upanga amezungumzia miaka saba ya kikapu. Mimi ningeongeza kwamba Mutombo aliingia NBA akiwa amemzidi Thabeet umri kwa miaka mitatu, tena katika enzi ambayo senta wa kusimama chini ya kikapu alikuwa bado mfalme. Miaka 10 baadaye kanuni ya sekunde tatu ilipokuja, alikwisha kuwa mlinzi bora wa NBA mara nne.

Lakini tazama jinsi maisha yake yanavyoandikwa. Mutombo hakupata ubingwa wa NBA hata mara moja katika misimu 18. Alifika fainali mwaka 2001 akiwa na Philadelphia na mwaka 2003 akiwa na New Jersey, akashindwa zote mbili. Sijawahi kusoma makala inayoyafupisha maisha yake kwa habari hiyo. Mwandishi akifika mwisho huandika juu ya hospitali aliyoijenga Kinshasa na kuipa jina la mama yake, Biamba Marie, aliyefariki baada ya jamaa zake kushindwa kumfikisha hospitali kwa sababu ya machafuko mjini. Hospitali hiyo ilianza kutibu watu mwaka 2007, na yeye mwenyewe aliichangia zaidi ya dola milioni 15. Mimi humsoma Mutombo kuanzia kwa mama huyo, si kuanzia kile kidole alichokuwa akikitikisa baada ya kupangua mtupo, ingawa kidole hicho kilitufurahisha sana tulipokuwa watoto.

Nisieleweke kwamba wawili hawa walilingana uwanjani, kwa maana hawakulingana hata kidogo. Ninachosema ni kwamba ukitafuta, katika maisha ya kila mchezaji utapata kitu ambacho hakukipata, na ni mwandishi anayeamua kama kitu hicho kitakuwa kichwa cha habari au tanbihi. Kwa Thabeet waliamua mapema mno, wakati alikuwa bado anacheza. Baada ya NBA aliendelea Japani na Yokohama B-Corsairs, kisha Taiwan, akiwa amevuka miaka 30. Mtu anayeendelea kuamka alfajiri kwenda mazoezini katika nchi ya ugenini, miaka mingi baada ya magazeti kumwandikia hukumu, kwangu mimi ana sura nyingine kabisa katika kitabu chake, na sura hiyo sijaiona ikiandikwa ipasavyo kwa lugha yoyote.

MwalimuZuhura (Morogoro)

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimeyasoma majibu yenu mara mbili na kuyanakili katika daftari langu la maandalio.

Mzee wa Tanga, nimekubali kwamba zile pointi 2.2 zisifichwe. Nitaziandika ubaoni pamoja na zile 13.6 za chuoni, ili wanafunzi wazione zote na waulize wenyewe kilichotokea katikati. Kuhusu Flynn, kesho kutwa nitawapa kazi ya kuwatafuta wachezaji kumi wa kwanza wa drafti ile na kuandika kila mmoja alicheza misimu mingapi, kabla hawajaruhusiwa kutumia neno "alishindwa" kwa mtu yeyote.

Ndugu wa Lubumbashi, hilo la kichwa cha habari na tanbihi ndilo somo nililokuwa ninalitafuta. Nimeamua kuwagawa makundi mawili. Kundi la kwanza litaandika maisha ya Thabeet na kukomea usiku wa drafti. La pili litaanzia hapo hadi Taiwan. Hakuna kundi litakaloruhusiwa kumtaja Harden wala Curry. Kisha watabadilishana kazi zao na kusomeana kwa sauti.

Kocha, nina ombi moja. Kanuni ya sekunde tatu nimeielewa kwa kichwa, lakini sina hakika kama nitaweza kuwaeleza watoto ambao wengi wao wamecheza netiboli na mpira wa miguu tu. Ungewaelezaje?

KochaUpanga (Dar es Salaam)

Usiwaeleze, Mwalimu, watoe nje. Kama shule ina kiwanja cha kikapu, angalia kwanza mistari yake, kwa sababu viwanja vingi vya zamani bado vina mchoro uliopanuka kwa chini, ambao shirikisho la dunia liliubadilisha kuwa mstatili mwaka 2010. Kama hakuna kiwanja, chora mstatili kwa chokaa chini ya ukuta, upana wa hatua tano kubwa na urefu wa hatua sita. Msimamishe mwanafunzi mrefu kuliko wote katikati, na uwape wengine watano mpira wa kupasiana pembeni. Mara ya kwanza mwache asimame hapo anavyotaka, umwone anavyodaka kila kitu. Mara ya pili darasa zima lihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na kila likifika tatu awe ameshatoka nje ya mstari, ndipo arudi. Baada ya dakika mbili muulize huyo mrefu anajisikiaje miguuni, na yule binti aliyekuuliza swali awe ndiye wa kuandika jibu lake.